Mlango Juu ya Gari

SHANGAZI: Haloo! Nani mwenzangu?

TAJIRI: Ni mimi, Shangazi. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba. Mimi nani? Ongea kwa sauti, huku mtandao unakwaruza.

TAJIRI: Mimi Tajiri! Mtoto wa kaka yako!

SHANGAZI: Aa, Tajiri. Tangu nikukabidhi funguo za nyumba ya marehemu baba yako hujanipigia hata kunijulia hali. Nani amekufa?

TAJIRI: Hajafa mtu. Nilitaka ushauri kidogo tu. Wewe umekaa na wapangaji miaka mingi, kwa hiyo nikasema—

SHANGAZI: Ushauri! Wewe! Si uliniambia mambo yangu ni ya kizamani?

TAJIRI: Yaishe hayo, Shangazi. Mpangaji akikataa kuondoka unamfanyaje?

SHANGAZI: Unamwandikia notisi. Unampa muda wa kutafuta pengine, anasaini, na shahidi anasaini. Halafu unangoja kama mtu mzima. Umemwandikia?

TAJIRI: Nilimwambia kwa mdomo.

SHANGAZI: Lini?

TAJIRI: Asubuhi.

SHANGAZI: Asubuhi ya lini?

TAJIRI: Ya leo.

SHANGAZI: (anaguna) Ni mpangaji gani huyo?

TAJIRI: Yule fundi cherehani, chumba cha uani. Yule anayekaa peke yake.

SHANGAZI: Yule mpole? Halipi kodi?

TAJIRI: Analipa, si habari ya kodi. Ni dharau! Hawa watu ukiwachekea wanakupanda kichwani. Wamejaza kamba za nguo uani, wanapiga soga vizingitini, mwenye nyumba ukipita hakuna hata anayenyanyuka—

SHANGAZI: Wanyanyuke kwani wewe bwana harusi?

TAJIRI: Shangazi, niko kwenye matatizo.

SHANGAZI: Nasikia. Hiyo sauti ni ya nini hapo? Kama mashine.

TAJIRI: Ni... cherehani.

SHANGAZI: Uko chumbani kwake?

TAJIRI: Hapana! Niko ndani ya gari. Hapa hapa uani.

SHANGAZI: Na cherehani?

TAJIRI: Iko nyuma ya gari. Getini. Anashona.

SHANGAZI: Anashona getini.

TAJIRI: Siwezi kutoka, Shangazi! Nikirudi nyuma namgonga. Wapangaji wenzake wamemletea na kitanda, wamekitandika kabisa. Sasa hivi wanabeba kabati. Wanacheka.

SHANGAZI: Ngoja kwanza. Mtu mwenye akili zake hatoi kitanda nje hivi hivi. Umemfanya nini?

TAJIRI: Nimeng'oa mlango.

SHANGAZI: Ume— mtandao huu! Umeng'oa nini?

TAJIRI: Mlango! Wa chumba chake! Nimeufunga kwa kamba juu ya gari. Jamaa yangu mmoja ana nyumba za kupangisha, alisema ndiyo dawa yao. Ukiondoa mlango, mtu anahama mwenyewe. Nikamwambia yule mwanamke, haya, sasa lala tuone. Akanijibu eti kama chumba hakina mlango, basi hata getini ni chumba. Akaenda akabeba kiti chake.

SHANGAZI: (anacheka) Jamani! Amekuweza.

TAJIRI: Usicheke, Shangazi.

SHANGAZI: Nisicheke? Mwanamume mzima amefungiwa uani na mwanamke mwenye uzi na sindano, nisicheke? Wewe huna hata haya ya kuficha mlango wa wizi, umeupandisha juu watu wauone kama jeneza.

TAJIRI: Wizi wa nini, mlango ni wangu! Nyumba ni yangu!

SHANGAZI: Sikia nikufundishe, maana baba yako alikufa kabla hajamaliza kazi. Ukishapangisha chumba, wewe unabaki na kuta na bati. Bati likivuja ni lako, choo kikiziba ni chako, bomba likipasuka ni lako. Lakini ndani ya kile chumba si kwako tena mpaka mwenyewe ahame. Mimi nina vyumba vya watu ambavyo sijui hata vimepakwa rangi gani. Sasa niambie, kosa lake ni nini?

TAJIRI: Amebadilisha kitasa bila ruhusa yangu.

SHANGAZI: Ndilo hilo tu? Ungemwomba ufunguo mmoja wa akiba, mkaweka kwenye bahasha, mkaigundisha, yakaisha.

TAJIRI: Nilimwomba. Akakataa.

SHANGAZI: Alikataaje?

TAJIRI: Alikataa tu.

SHANGAZI: Kwa maneno gani?

TAJIRI: Haloo? Shangazi, unakatika—

SHANGAZI: Sikatiki. Kwa maneno gani?

TAJIRI: Alisema kile kitasa cha zamani kilikuwa kinafunguliwa na watu wawili.

SHANGAZI: Watu wawili.

TAJIRI: Shangazi?

SHANGAZI: Zile bahasha za funguo za akiba nilizokupa, ya kwake uliichana?

TAJIRI: Nilikwenda kukagua paa. Yeye mwenyewe alikuwa analalamika linavuja.

SHANGAZI: Alikuwepo?

TAJIRI: Alikuwa amepeleka nguo za wateja. Akarudi.

SHANGAZI: Akakukuta unakagua paa.

TAJIRI: Ndiyo.

SHANGAZI: Ulikuwa na ngazi?

TAJIRI: Ngazi?

SHANGAZI: Paa liko juu, Tajiri.

TAJIRI: Nilikuwa nimepumzika kidogo. Nimekaa.

SHANGAZI: Umekaa wapi? Chumba kile nakijua. Kiti ni kimoja, na amekwenda kukibeba mbele yako leo.

TAJIRI: Shangazi, haya mambo ya nini sasa, mimi nimeuliza habari ya geti—

SHANGAZI: Umekaa wapi?

TAJIRI: Kitandani. Lakini nilivua viatu. Kwa heshima.

SHANGAZI: Kwa heshima.

TAJIRI: Sikumgusa! Nilimwambia tu tuongee. Tuongee kama watu wazima. Akatoka mbio, akakaa kwa jirani mpaka nilipoondoka. Kesho yake ndiyo kitasa kipya. Mimi nimempa mpangaji tu ofa ya kuzungumza, anajifanya malkia, na kazi yenyewe kupinda suruali za—

SHANGAZI: Funga mdomo. Funga kabisa. Mpe simu.

TAJIRI: Nani?

SHANGAZI: Mpitishie simu dirishani. Wewe usitoke.

[cherehani inasimama]

FUNDI: Haloo. Shikamoo, mama.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Naona aibu hata kukusalimu.

FUNDI: Aibu si yako, mama.

SHANGAZI: Ni yangu. Funguo nilimpa mimi. Nilimjua alivyo, nikasema atakua. Sasa sikiliza, funguo zote zinarudi kwangu leo, na huyu hakanyagi tena hapo. Paa nitaliletea fundi. Wewe rudisha vitu vyako, ukae.

FUNDI: Nashukuru, mama. Ila chumba nimeshapata kwingine. Nilianza kutafuta siku ile ile. Mwisho wa wiki nahama.

SHANGAZI: Unahama? Basi leo haya yote ya nini? Si ungemwachia chumba chake kibovu?

FUNDI: Akinitoa leo, itakuwa amenitoa yeye. Kesho atasimulia hivyo kwa rafiki zake. Mimi nataka mlango wangu urudi. Nilale siku zilizobaki nimefunga kwa ndani. Nikimaliza, niufunge kwa nje mwenyewe, nikukabidhi ufunguo wewe, niende zangu.

SHANGAZI: Nimekuelewa.

FUNDI: Na aurudishe yeye. Hapa yuko jirani seremala, bisibisi atamwazima. Kumsaidia, hatamsaidia mtu.

SHANGAZI: Haki yako. Nirudishie hicho kiumbe.

TAJIRI: Haloo? Amekubali kusogea?

SHANGAZI: Shuka kwenye gari.

TAJIRI: Shangazi, wote wamekaa wananitazama.

SHANGAZI: Wakutazame vizuri. Shuka. Fungua kamba, beba mlango, kaufunge.

TAJIRI: Mzito! Na bawaba moja niliivunja.

SHANGAZI: Utapata nyingine kwa huyo jirani seremala, na bisibisi. Simu usiikate, tia mfukoni, nataka kusikia.

[vishindo; watu wanacheka; kitu kinagonga ukuta]

TAJIRI: Nimefika! Nimefika nao. Sasa naingia ndani niushike kwa—

SHANGAZI: Unaingia wapi?

TAJIRI: Si ndani? Siwezi kukaza skrubu kutoka nje.

SHANGAZI: Piga hodi.

TAJIRI: Kwa nani, Shangazi? Chumba kitupu! Mwenyewe yuko kule getini!

SHANGAZI: Atakusikia. Piga hodi, na usiinue mguu mpaka akujibu karibu.

TAJIRI: Salio linaisha, linalia hapa—

SHANGAZI: Basi fanya haraka.

TAJIRI: (taratibu) Hodi.

[kwa mbali cherehani inaanza tena]

SHANGAZI: Hajasikia. Tena.

TAJIRI: Hodi!

[cherehani]

SHANGAZI: Te—

[simu inakatika]