Gratien Rugamba, Mchapaji wa Mwanga na Majani

Marehemu Gratien Rugamba alizaliwa Gatsata, Kigali, tarehe 14 Juni 1949, mtoto wa tatu wa mzee Gatera na mama Nyiransabimana. Alikuwa mtoto mkimya. Mama yake alizoea kumkuta amechuchumaa kwenye migomba, anatazama jua linavyopenya.

Alisoma Gatsata, kisha Bukoba, Tanzania, ambako baba yake alifanya kazi kwenye kahawa. Huko, katika karakana ya misheni, alijifunza kuchonga vibao na kuchapa. Alirudi Kigali mwaka 1971 na Kiswahili kizuri na madoa ya wino ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza.

Alichapa kalenda na kadi za harusi mjini hadi 1983, alipofungua karakana yake Gisozi. Humo alitengeneza picha zisizo na mtu wala nyumba: mishipa ya jani, mwanga juu ya maji ya bondeni, rangi nyepesi chini na nzito juu, tabaka kwa tabaka. Tulimtania kwamba anauza madoa. Pembeni mwa kila karatasi aliweka visalaba vidogo, ili kila kibao kikae sawasawa juu ya rangi iliyotangulia.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Winifred Uwimana. Zawadi yake ya uchumba ilikuwa picha ya rangi saba. Baba mkwe aliigeuza kila upande, akauliza juu ni wapi. Walijaliwa Shimwa na Hirwa.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Frederick, mdogo wake, anawasomea kwa mdomo tu.

Oktoba 1990, vita vilipoanza, askari waliingia karakanani. Mkubwa wao aliinua picha.

“Hii iko ramani. Hii misalaba iko ya kupiga mizinga?”

“Hapana, shefu. Ni majani tu. Misalaba ni ya kupanga rangi.”

“Majani ya wapi?”

Wakamchukua. Uwimana alizunguka na vibao kwenye kikapu, akimwonyesha kila aliyekubali kutazama jinsi rangi zinavyopangwa. Mumewe aliachiwa Machi 1991, amekonda hata mbwa wa nyumbani alimbwekea.

Tangu hapo alichapa bila visalaba. Rangi zilihama, mistari ikapishana. Wateja wake wa ubalozini Kacyiru walisifu mtindo mpya. Nyumbani alimwambia mkewe, “Mama Shimwa, huu si mtindo. Ni mkono unaoogopa.”

Shinikizo la damu lilimwanza 1992. Gari likisimama nje, alikuwa ameshainuka kitini. Mwezi uliopita, misako iliporudi, yeye na mkewe walichoma picha zote jikoni, na kila moja aliitazama kwanza. Jumatano, tarehe 9 Machi 1994, alianguka ghafla. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa vizuizi, akafia mikononi mwa Uwimana.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na mdogo wake. Uwimana anajua kwamba baadhi yenu mmechoma picha alizowapa Gratien. Anasema msione haya, hana kinyongo na mtu. Na kama yupo aliyebaki nayo, asimwambie mtu yeyote, hata yeye Uwimana.

Gratien, pumzika kwa amani. Sisi tuwahi nyumbani kabla barabara hazijafungwa.