Kuonja Kabla ya Saa Kumi

TUMPE: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

YUSTA: Ni mimi wifi yako, Yusta wa Nyololo. Natumia simu ya mgambo.

TUMPE: Kamwene, wifi. [mkwaruzo] Ya nani? Mtandao wenu huo…

YUSTA: Ya mgambo. Nipo ofisi ya kata. Wamenikamata na ndoo yangu ya pombe ya ulanzi. Eti nimekunywa hadharani, saa za kazi, kabla ya saa kumi.

TUMPE: Umekunywa?

YUSTA: Tumpe, mwaka wa pili huu sijanywa, unajua. Mteja—

TUMPE: Nimeuliza tu.

YUSTA: Dereva wa roli la mbao. Kanunua kopo moja, kagoma kulipokea mpaka nitangulie kuonja. Si ndivyo tunavyouza huku? Usipoonja wanasema umeweka kitu. Nikalowesha midomo. Mgambo huyo hapo. Dereva kawasha gari, kaenda zake.

TUMPE: Sasa wanatakaje?

YUSTA: Nisaini kwamba nilikunywa, nilipe faini, niondoke. Nikikataa nalala ndani mpaka Jumatatu, kesi Mafinga.

TUMPE: Usisaini.

YUSTA: Damari anatoka shule saa tisa. Ufunguo ninao mimi, na baridi hii—

TUMPE: Usisaini, nakwambia. Yale makubaliano niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Siku ukikutwa umekunywa, mtoto anahamia Mbeya kwa baba yake. Kaka Clement akiiona hiyo karatasi ya faini—

YUSTA: Ndiyo maana nimekupigia wewe, sikumpigia yeye. Panda basi, wifi. Mchukue Damari, kaa naye chumbani kwako hapo Mbeya, Soweto, hizi siku mbili tatu. Kimyakimya.

TUMPE: Hapo Soweto…

YUSTA: Unanisikia?

TUMPE: Nakusikia. Wifi, chumba niliachia tangu Pasaka. Naishi kwa Clement.

YUSTA: Kwa Clement.

TUMPE: Jirani je? Yule Mama Tekla?

YUSTA: Yeye ndiye aliyemwita mgambo. Anasema sisi wa ulanzi tunawaharibia watoto.

TUMPE: Jamani. Pole, wifi.

YUSTA: Nikilala ndani, Clement anamchukua. Nikisaini, anamchukua. Angalau nikisaini, leo mlango nitamfungulia mimi.

TUMPE: Subiri, tufikiri. Mimi sitamwambia kitu—

YUSTA: Mtendaji wa kata hapa ana namba yake. Makubaliano yetu aliyagonga muhuri yeye. [sauti ya mtu kwa mbali] Naam, afande. Hapa chini? [mkwaruzo]

TUMPE: Yusta, usi—

YUSTA: Nimeshaandika. Wifi, mwenye simu anasema salio limekwisha. Sikiliza. Damari halali bila soksi. Mwambie kaka yako. Zile nene, na usiku akiita mama, asimkaripie, awashe tu taa, ata—

[Simu inakatika.]

TUMPE: Haloo? Wifi?