Stumai Ntandu Analiacha Dirisha la Dawa

Baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, Mfamasia Stumai Ntandu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Muuguzi Rebeka wa kliniki ya watoto, niandike wasifu wake kwa furaha na utulivu. Furaha ninayo. Utulivu waniwie radhi, maana tangu alipoanza likizo ya kustaafu najikuta nikichungulia famasi kila ninapopita, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Alianza kazi katika zahanati huko Nduguti, enzi ambazo ofisi za wilaya hazijaota pale. Akaenda kusoma, akarudi hapa Singida mjini akiwa mfamasia kamili, na tangu hapo hajakaa. Sisemi kwa mafumbo. Kiti chake cha ofisini kililetwa miaka mingi iliyopita na bado kina nailoni yake ya dukani. Ukimtafuta stoo, yuko wodini. Ukimfuata wodini, ameshapita maabara. Wageni wa kazi tuliwashauri wasimkimbilie. Wasimame mahali pamoja, atapita tu.

Kilichomkosesha raha zaidi ni dawa zisizosajiliwa nchini. Wenzangu wa idara nyingine wasishtuke, sizungumzii dawa za magendo. Kuna wagonjwa wachache ambao dawa zilizosajiliwa zimewashinda au hazipatikani, na kwa ajili yao hospitali huomba kibali maalumu cha kuagiza dawa nje. Kibali kikitoka, dawa inakuja halali kabisa, ila hakuna aliyeikagua kwa ajili ya nchi hii, na maandishi yake mara nyingi ni ya lugha tusiyoijua.

Stumai aliziandikia mwongozo wa kurasa mbili. Kwanza hakikisha kweli hakuna iliyosajiliwa inayofaa. Mweleze mgonjwa waziwazi anapewa nini na kwa nini. Mfuatilie. Na daktari aliyeiandika aje mwenyewe dirishani wakati inatolewa. Hilo la mwisho lilizua kelele. Dk. Paschal, bingwa wetu wa watoto, alisimama kwenye korido na koti lake jeupe akauliza kwa uchungu, "Dada Stumai, na mimi nipange foleni?"

"Panga, daktari," akajibiwa. "Dawa hii ikimdhuru mtoto, hapa nchini itakuwa na wazazi wawili tu, wewe na mimi."

Alipanga. Siku hiyo mbele yake alikuwapo bibi mmoja wa Ihanja aliyemsimulia habari zote za goti lake.

Mwongozo huo haukukamilika siku moja. Eliza, binti wa Magreth wa Issuna, ana kifafa kilichogomea kila dawa tuliyokuwa nayo, mpaka ilipokuja dawa ya maji kutoka nje na degedege zikakoma. Magreth alielezwa yote, akayarudia yote, akaenda nyumbani. Jirani yake Kristina naye alikuwa na mtoto wa kifafa. Magreth akammiminia nusu ya chupa, kama ambavyo angempa chumvi. Mtoto wa jirani alilala mchana kutwa, haamki, haitiki. Alipona kwa neema ya Mungu.

Wengi wetu tulitaka Magreth akaripiwe. Stumai alipanda gari la Issuna, akaketi na wanawake wale wawili, wakaongea Kinyaturu mpaka jua likapoa. Aliporudi alikuwa amejikasirikia mwenyewe. Alisema mwongozo wake aliuandika kana kwamba watu wanaishi peke yao, wakati Issuna mtu akinyimwa kilichomponya mwana wa mwenzake, huo ni uchoyo na hausahauliki. Akaongeza kipengele: anayechukua dawa ya namna hii aje na jirani, na wote wawili waelezwe. Wakaguzi walipofika waliuliza jirani anaingiaje kwenye utaratibu wa hospitali. Walielezwa, wakacheka, kisha wakanakili. Mtoto wa Kristina siku hizi ana kadi yake ya kliniki, na dawa ya kawaida inamtosha.

Sasa niseme kilichoninyima usingizi. Mwezi uliopita chupa ya Eliza ilikuwa inaelekea ukingoni, mzigo mpya umechelewa, na Stumai yuko likizo. Famasi ameachiwa Noel, kijana mzuri, mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Hatimaye boksi likafika, na asubuhi hiyohiyo Magreth na Kristina wakatokea. Nani tena yuko kwenye benchi la wagonjwa? Stumai, na kanga yake, eti amepita kusalimia. Magreth akamwendea moja kwa moja na shikamoo yake. Stumai akaitikia marahaba, kisha akamwonyesha dirisha kwa kidevu.

Mimi nilikuwa mlangoni nikichungulia. Dk. Paschal ameshasema kipimo kilekile cha siku zote na ameshageuka kuondoka. Noel akaichukua chupa mpya, akaanza kuandika. Akasita. Akamwomba Magreth chupa tupu ya zamani, akaziweka pamoja, akazigeuza. Kisha akafunga dirisha foleni ikinung'unika, akatoka nje mbio na chupa zote mbili, akimwita daktari arudi. Kiwanda kilikuwa kingine, na nguvu ya dawa ilikuwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Kwa kijiko kilekile, Eliza angelala kama alivyolala yule mtoto wa jirani, na pengine asiamke.

Nilipogeuka, Stumai alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni. Akaketi tena akalia mbele za watu, bila kujificha. Baadaye aliniambia alitambua kuwa boksi ni la kiwanda kingine lilipopita mbele yake, akangoja aone kama Noel atagundua mwenyewe. Angengoja mpaka mkono wa Noel ufike dirishani, basi, asingengoja zaidi. Nilimkasirikia sana, kisha nikamkumbatia. Alimwacha Noel na daktari wakikokotoa kipimo kipya, Magreth na Kristina wakisikiliza, akaenda stendi kupanda gari la Ihanja, anakoishi sasa.

Mama Ntandu, asante kwa miaka yote uliyotusumbua. Mungu akujalie afya, mvua zinazokuja kwa wakati na alizeti za kuinamisha shingo huko Ihanja. Ukija mjini karibu sana. Lakini kwenye benchi letu usikae tena, labda uwe unaumwa. Noel anatosha.