Shahada ya Mwalimu Damari na Barua Niliyoiandika Mimi

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, Baba Mchungaji, Mzee Alawi na wafanyabiashara wenzako mliopanda kutoka mjini Mbeya, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanakwaya mlioacha palizi mkaja hapa: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimepewa dakika chache nimuage Mwalimu Damari, ambaye Jumatatu anakwenda Iringa kufundisha muziki katika chuo cha ualimu. Bila shaka mnatarajia mwalimu mkuu wake aeleze jinsi alivyomsaidia. Sikumsaidia. Nilimzuia, na naomba niseme hivyo yeye akiwa ameketi pale ananitazama.

Mwaka 1951 alikuja ofisini na karatasi mbili. Alikuwa amepanga kila kitu: atasoma shahada ya muziki kwa posta, kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, somo moja moja, akilipia kila viazi vyake vinapouzwa, akifanya mtihani kila anapokuwa tayari. Kuondoka hakuweza, mama yake alikuwa mgonjwa kitandani. Aliomba jambo moja tu, kutumia kinanda cha shule jioni.

"Shahada ya kuimba, Damari?" nikamwambia. "Kinanda ni cha ibada."

"Haya, Mwalimu Mkuu," akasema, akakunja karatasi zake.

Je, mnajua alifanya nini? Muziki ule ni wa sauti nne zinazokwenda pamoja. Usipozisikia hujui umekosea wapi. Akawapanga wanakwaya. Esta alishika sauti ya juu, Yotamu ya chini kabisa, wakamwimbia mazoezi yake kando ya mashamba, majembe begani. Yotamu alikuwa akilalamika, "Mwalimu, hapa umenishusha shimoni, sifiki," naye anafuta, anaandika upya. Miaka sita! Majibu yake yalikuja kwa sanduku la posta la Mzee Alawi, maana aliogopa yakija shuleni nitayafungua. Mzee, ulimtunzia kila bahasha, wala hukuuliza anasali wapi, msikitini au kanisani.

Machi mwaka jana aliomba ruhusa akafanye mtihani wa mwisho Iringa. Nikakataa. Akafunga safari hata hivyo. Nami nikaandika barua ya kumwachisha kazi, nikapanda lori niipeleke mwenyewe ofisi ya elimu huko huko Iringa. Kumbe ni lori lile lile: mimi mbele kwa dereva, yeye nyuma juu ya magunia.

Tulipopita Chimala tukakuta mto umefunika daraja. Dereva, Silvester, akazima injini. "Hapa tunakaa, labda siku mbili."

Mtihani ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Upande wa pili lori jingine lilikuwa linageuza kurudi Iringa. Damari akashuka, akafunga karatasi zake kwenye kanga, akajitwika, akaingia majini. Yakamfika magotini, kiunoni, kifuani.

"Mwalimu, rudi! Utakufa!" nikapiga kelele.

Hakugeuka. Katikati mguu ukateleza, tukabaki tunaona kanga tu. Silvester alikwisha vua shati. Ndipo kichwa kikaibuka, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha daraja, mwingine umeinua mzigo juu. Akavuka.

Mnadhani niliichana barua pale? Sikuichana. Maji yalipopungua nilifika Iringa nikaikabidhi, na mwanamke yule akakaa miezi saba bila kazi kwa saini yangu. Matokeo yalipotoka, amefaulu, aliniletea ofisini mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini ananionyesha mimi.

"Ili usije ukamwambia mwingine kwamba haiwezekani," akasema.

Kamati hii ndiyo iliyomrudisha kazini, si mimi. Mwalimu Damari, nisamehe. Nilikuaibisha mbele za watu, kwa hiyo naomba msamaha mbele za watu.

Sasa, Mwalimu Paskalina, safu ya tatu, hebu simama. Juma lililopita uliniuliza kama unaweza kusoma kwa njia hiyo hiyo, nikakujibu ngoja nifikiri. Nimekwisha fikiri. Chagua jioni zako, chagua siku zako za mtihani. Darasa lako nitalifundisha mimi. Bwana Shauri amesikia, Baba Mchungaji amesikia, na wanakwaya hawa hawasahau.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho, hata pale nilipokuwa mgumu wa kusikilizwa. Asanteni sana.