Vinundu Nyuma ya Kisigino

Mheshimiwa Liwali, masheikh wetu, Bwana Husseni, dresa wetu wa zahanati tunayekuaga leo, na ninyi ndugu wageni waalikwa mliotoka hata Miono, asalaam aleikum.

Mimi Kombo kazi yangu haina maneno, naosha maiti. Mkiniona nimesimama hapa msiingiwe na hofu, leo nimekuja kwa walio hai.

Katika nyumba ya marehemu mzee Bwanausi niliosha ndugu watatu. Wote walianguka ghafla wakishika kifua, na miaka arobaini hawakuifika. Watu wakasema wamerogwa. Lakini mikono yangu ilikuta kwa kila mmoja vinundu vigumu nyuma ya visigino, pale kwenye mkano. Nikanyamaza, maana mwoshaji hatoi siri ya maiti. Nani hapa hajui?

Akabaki Mtoro, kitinda mimba wao, mume wa binti yangu Ashura. Siku moja tukitawadha pamoja msikitini, nikaviona vinundu vilevile miguuni mwake. Sala ile sijui nilisoma nini. Nikamwendea sheikh nikilia, naye akasema, "Kombo, siri ya maiti haiwi sababu ya kumwacha aliye hai afe. Kaseme."

Nilipomweleza Bwana Husseni, hakunicheka. Alimpapasa Mtoro visigino, akauliza habari za baba yake na babu yake, akamtoa damu ikapelekwa Dar es Salaam. Jibu likarudi: mafuta yamezidi katika damu, ugonjwa wa kurithi, wala si uchawi. Akatuambia wazi kwamba hauponi, ila makali yake yanaweza kupungua. Samli basi, nyama ya mafuta basi, tumbaku basi, na tui lingoje sikukuu. Akawapima na watoto wa Mtoro: wawili wanao ugonjwa huo, mmoja hana, nao wameanza kulishwa kwa uangalifu mapema.

Mtoro alipoandaliwa mchicha usio na tui, alimwuliza mkewe, "Ashura, kwani umeolewa na mbuzi?"

Ashura akamjibu, "Bora niwe mke wa mbuzi kuliko mjane."

Akala. Na yule pale amekaa, ana miaka arobaini na saba.

Bwana Husseni, tukulipe nini sisi? Nenda kapumzike na radhi zetu, ninakupenda sana.

Na wewe Mtoro mwanangu, nisamehe. Siku ile nilipoviona vile vinundu nilinunua sanda, nikaificha sandukuni, nikijua ni yako. Bado imo. Sasa nasema mbele ya watu hawa kwamba ni yangu, na wewe ndiye utakayeniosha na kunivika.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu, asanteni.