Ufunguo Uliomo Ndani ya Koti la Mheshimiwa

Mheshimiwa diwani wetu tunayekuaga leo, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, viongozi wetu wa dini, wazee mlioketi chini ya turubai na vijana mlioachwa juani, baba mkwe, akina mama wenzangu mlionituma nisimame hapa: pokeeni salamu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo achukue ya kwangu, maana hata mimi sina.

Nimeitwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya akina mama wa mtaa huu. Mshereheshaji amenisisitiza niseme kwa kifupi. Nitajitahidi, lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye ratiba, na nitalisema kwanza nisije nikakatizwa kabla sijalifikia. Nyuma yenu, ndani ya zahanati hii ambayo ukuta wake mmeupamba kwa maputo, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, yuko kwenye benchi la korido na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Hatua chache kutoka kwenye benchi hilo kuna mlango wa chumba kipya cha kujifungulia. Mlango umefungwa. Ufunguo umo ndani ya koti la mheshimiwa, mfuko wa kushoto, nimeuona ulivyotuna alipokaa. Na kwa mujibu wa ratiba, mlango huo utafunguliwa baada ya hotuba, baada ya zawadi, baada ya kwaya, baada ya keki.

Mheshimiwa, naomba ufunguo.

Naona umetikisa kichwa. Naona pia mwenyekiti wa kamati amekuonyesha karatasi, na kidole chake kimetua kwenye neno keki. Haya. Nesi ameniambia mtoto wa kwanza huwa hana haraka, kuna muda kidogo, na muda huo ukiisha atatoka asimame pale mlangoni tumwone. Basi kwa kuwa mmeamua tungoje, tutangoja tukishukuru. Mimi nimeombwa shukrani, na shukrani nitazitoa zote, hata zile ambazo hamkuziandaa.

Nianze na taa. Ni nani hapa amesahau siku ya taa ya barabarani, ile ya kona ya kinyozi? Mheshimiwa aliifungua saa sita mchana, jua la utosini. Alikata utepe, akabonyeza swichi, tukapiga makofi. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa imewaka au haijawaka?" Mpiga picha akamwambia, "Bibi, wewe piga makofi, utajua usiku." Usiku tukajua. Giza lilikuwa ni lile lile, ila sasa lilikuwa na nguzo ya kujigonga. Tunashukuru.

Na kizimba cha taka je? Kilijengwa kwa matofali mazuri, kikapakwa chokaa, kikawa cheupe kuliko shuka za nyumbani kwangu. Asubuhi yake tukaenda na ndoo zetu, tumechangamka kama watu waendao harusini. Mlinzi akasimama mbele yetu. "Akina mama, rudini na taka zenu. Mgeni rasmi hajaja. Mnataka akute pananuka?" Ndugu wageni waalikwa, kizimba cha taka kilikatazwa kuwa na taka! Kwa hiyo tukazimwaga pembeni. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, na chenyewe kikabaki katikati kinameta, kama jino moja la dhahabu kwenye kinywa kilichooza. Mgeni alipokuja aliziba pua akasema tujifunze ustaarabu. Kwa somo hilo pia tunashukuru.

Watoto wetu, ambao siasa hawaijui, wanamwita mheshimiwa Bwana Mkasi. Mimi wa kwangu nimewakemea, nikawaambia mkubwa ana jina lake. Mmoja akaniuliza, "Kwani mama, ule mkasi huwa anapewa au anatembea nao?" Mheshimiwa, jibu la swali hilo unalo wewe. Ukipata nafasi, utanisaidia.

Mnacheka. Chekeni, lakini msinielewe vibaya. Diwani mvivu ni rahisi kumsema, na huyu wetu si mvivu. Chumba hiki cha kujifungulia alikipigania yeye. Alifuatilia mabati mpaka yakaja, alirudisha milango iliyoletwa imepinda, alishinda na mafundi kwenye vumbi mpaka nyusi zikawa nyeupe. Siku kitanda kilipoletwa alishika upande mmoja akabeba mwenyewe, na hapakuwa na mpiga picha. Nilikuwepo, nilimwona, na nilijivuna kwamba huyu ni diwani wangu.

Ndiyo maana nina hasira. Anayeninyima asichokuwa nacho simlaumu. Lakini mtu akupikie, akuandalie, akufunikie chakula vizuri, kisha akalie kifuniko huku wewe una njaa, eti anamsubiri mgeni ambaye hajui atakuja lini, mtu huyo tumwiteje? Tumwite mkarimu?

Sasa niwaambie jinsi nilivyolijua benchi lile, maana wengine humu mnalijua kwa kulipita tu. Mwanangu huyu anayenivuta gauni alizaliwa juu yake. Nilipofika na uchungu wangu, chumba kipya kilikuwa kimekwisha, utepe mwekundu umefungwa mlangoni. Nesi akampigia mheshimiwa, akaweka simu kwenye sauti ya nje kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Nilisikia kila neno.

"Mheshimiwa, nina mzazi hapa, naomba ufunguo."

"Nesi wangu, mkubwa wa kukifungua anakuja wiki ijayo."

"Mzazi huyu hafiki wiki ijayo."

"Nakuelewa, nakuelewa kabisa. Lakini chumba kikishatumika si kipya tena. Mgeni nitamfungulisha nini?"

Na maumivu yangu yale, ndugu zangu, nilicheka. Nesi akafikiri nimepagawa. Nilijifungua benchi limesogezwa mpaka mlangoni, mgongo wangu umeegemea mlango ule, rangi yake haijakauka vizuri, ikabaki kwenye gauni langu. Mzee mmoja aliyekuja kupima presha aligeukia ukuta ili kunisitiri, akakaa hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa, mpaka mwanangu alipolia. Ndipo akasema bila kugeuka, "Hongera, binti yangu. Sasa naweza kwenda? Presha yangu nadhani imeshajulikana." Mzee yule yuko hapa, nimemwona, naye namshukuru. Yeye simshukuru kwa kejeli.

Mimi nilipona na mtoto akapona. Lakini bahati ni bahati, haiwezi kuwa mpango wa zahanati.

Mkubwa hakuja wiki ile. Iliyofuata alikuwa safarini. Baadaye akahamishwa, akaletwa mwingine ambaye hata habari zetu hakuwa nazo, ikabidi tuanze kumwalika upya. Utepe ukapauka ukawa na rangi ya ufizi, ukatolewa ukafungwa mpya. Naam, utepe ulibadilishwa! Mashuka ya wagonjwa hayakubadilishwa, lakini utepe ulibadilishwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakutuambia mgeni asipokuja mwenyeji afanyeje, nadhani kwa sababu haikuwaingia akilini kwamba kuna mwenyeji atakayejifungia dawa kabatini akimngoja.

Mwisho mkubwa huyo mpya naye akasema hana nafasi, na mheshimiwa akaamua chumba akifungue mwenyewe leo, siku ya kuagwa, liwe jambo lake la mwisho kwetu. Wazo jema. Lakini uchungu wa wifi yangu ulianza alfajiri. Mama mkwe akaenda nyumbani kwa mheshimiwa, akamkuta koti linapigwa pasi.

"Karibu mama, karibu sana! Za kwako?"

"Nzuri, baba. Binti yangu ameshikwa na uchungu. Nimefuata ufunguo."

"Alhamdulillahi, leo ndiyo leo! Mwambie avumilie kidogo tu. Tukishamaliza pale nje tutamfungulia kwa heshima zote, na picha tutampiga. Atakuwa wa kwanza!"

"Mwanangu, uchungu hausomi ratiba."

"Mama nawe! Kwa utani hujambo."

Mama mkwe wangu amekula chumvi nyingi, hana mdomo wa kubishana na wakubwa. Alirudi, akakaa karibu na binti yake, akamsugua mgongo. Nilipojaribu kuifikia meza kuu mimi mwenyewe, vijana wa mapokezi wakaniambia anayetaka kusema na mheshimiwa leo awe kwenye ratiba. Nikaangalia ratiba. Nimo! Neno la shukrani, akina mama. Ndiyo hivyo mnavyoniona hapa.

Wifi yangu si kama nilivyokuwa mimi. Miguu imemvimba, presha inapanda, na nesi ametuambia waziwazi kwamba huyu si mtu wa benchi. Ndani ya chumba kile kuna kitanda, kuna taa kubwa, kuna mashine ya kumsaidia mtoto anayechelewa kuvuta pumzi. Vyote vizima. Vyote bado vimevalishwa nailoni, kama sofa za mtu anayewakaripia wageni wasikae. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tulikuwa tunasema shuleni bila kufikiri. Mheshimiwa, nenda pale ndani ukalione tumbo lenyewe.

Wewe kijana mwenye kipaza sauti, usininyooshee saa. Keki haitachacha.

Nakuuliza, mheshimiwa, na nakuuliza kama binti yako: chumba hiki ulikijenga kwa ajili ya nani? Ukiniambia kwa ajili ya mkubwa, basi nitakaa chini, maana mkubwa ana haki ya kufungua chumba chake, ingawa sijui atajifungua nini. Lakini kama ni kwa ajili yetu, sherehe yake inatoka wapi bila sisi? Mnatuita mashahidi wa kupiga makofi, na sisi ndio wenye kitanda.

Na wewe utakayeshika kiti hiki baada yake, nimekuona umekaa safu ya pili umevaa tabasamu la kuomba kura. Sina ugomvi nawe, bado hujatukosea. Nina ombi. Usitufungulie kitu chochote. Jenga, fundi akinawa mikono, acha wazi, ondoka. Tutaingia wenyewe, milango tunaijua. Tutakushukuru vilevile, tena zaidi, kwa sababu mwenye kushukuru kwa moyo ni yule ambaye ameshatumia. Mimi naamini inawezekana. Nina binti, siwezi kuishi bila kuamini. Nataka akue aone kitu kipya kina alama za mikono ya watu, achukulie kwamba ndivyo vitu vipya vinavyokuwa.

Nilikuwa na mengine, lakini nesi ametoka.

Geukeni mumwone. Amesimama tu, mikono ameikunja mpaka viwiko.

Mheshimiwa, baba yangu. Usimtazame mpiga picha, nitazame mimi. Hakuna atakayekucheka, mimi nitawanyamazisha. Ulibeba kitanda kile kwa mikono yako na hakuna aliyekupiga picha, na ile ndiyo siku niliyokupenda. Uwe mtu yule tena, dakika moja tu.

Asante.

Hapana, usiinuke, ukiinuka wewe watainuka wote, na msafara wenu una mwendo wa bibi harusi. Mpe mwalimu wa kwaya ufunguo huo. Mwalimu, mrushie kinyozi. Kinyozi, wewe una miguu, kimbia! Pita katikati ya maputo, yapasue, pita! Nesi, utepe usikucheleweshe, pita chini yake, pita juu yake, uvute kwa meno. Mama mkwe uliye huko ndani, mshike binti yako, mimi nakuja.

Mshereheshaji, zima muziki. Kwaya, kaeni. Mwenyekiti wa kamati, funika keki yako inzi wasiitie mguu.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu, na kwa hilo nawashukuru bila utani. Sasa kaeni kimya nyote, mtaa mzima, tusikilize kule ndani.