Mitumbwi Iliyowatangulia Watu

Niinueni, niegemezeni ukutani, na majirani waambieni wasubiri uani, maana haya ni ya nyumba yetu na wao wameshasema vya kutosha. Sikilizeni wanangu. Sadala, wewe mkubwa, kaa mahali nikuone uso. Johari, mama, acha kulia kwanza. Machozi yana siku yake, nayo haiko mbali.

Mirathi sigawi mimi. Mwenyezi Mungu ameshaigawa, na shehe Tamimu huyu hapa atamsomea kila mtu fungu lake, asiyeridhika akagombane na Kitabu. Nililoachiwa mimi kulisema ni theluthi yangu tu, ile ile Sadala unayoikodolea macho tangu nilipoanza kukohoa.

Nilipoingia kwenye mikoko hapa Kiongoroni, Mwingereza ndiyo kwanza amemrithi Mjerumani, nami nilikuwa na shoka na mtumbwi wa kuazima. Msidhani sikutaka kukua. Nilitaka sana, nikilala naziona boriti zangu zinashushwa Unguja na Arabuni, na anayewaambia kwamba baba yenu aliridhika na kidogo anawadanganya. Lakini sikuongeza mtumbwi kabla sijapata mtu wa kuushikia pondo na kuusukuma, mtu aliyekwisha kukaa na mimi dagoni, kambini kwetu mikokoni, masika na kiangazi, anayejua siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji hujia wapi na binadamu hukimbilia wapi. Mtu kwanza, chombo baadaye. Ndivyo mitumbwi ilivyozaana, polepole, watu wakinicheka.

Vita vya Hitla vilipokwisha, boriti zikapanda bei, akaja yule tajiri wa Kibiti akakukalisha kitini, Sadala, akakuita bwana mikoko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukarudi na mitumbwi yake, imefungwa mmoja nyuma ya mwingine, wala huna mtu wa kuipanda. Nikakwambia, ngoja mwanangu. Ukanijibu mbele ya wakataji wangu, "Baba, ngoja ngoja huumiza matumbo." Wakacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Ukaenda Mtawanya kuokota wakulima, watu wa bara ambao matope wanayajua ya shambani tu. Mmoja wao Shaabani, mume wa Tabu. Alikula sahani moja na mimi yule kijana. Siku ile ya bamvua, wazee wa kazi waliposema tutoke, wewe ukasema hapandi mtu chomboni mpaka korija zitimie, boriti ishirini kila moja, kwani tajiri anangoja. Wangu walipanda, wakakuacha na matusi yako. Wageni wakabaki, wanaogopa kukosa ujira. Maji yakaingia kwa nyuma, kama yanavyoingia siku zote. Wenzake wakang'ang'ania matawi, Shaabani akatafuta njia kwa miguu. Yalipokupwa tukamkuta kwenye mizizi. Na boriti zenyewe zikabaki huko ndani, jua likazipasua, tajiri akazikataa na mitumbwi yake akaichukua. Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo tulivyofundishwa. Hatukuambiwa kwamba mauti huweza kumpita mwenye tamaa yakambeba asiyekuwamo.

Na matangani kwake wewe hukwenda. Hilo ndilo linaloniua, Sadala, si kifua. Hata sasa nasikia umeanza mazungumzo na tajiri mwingine, na baba yako hajaoshwa.

Johari nawe usidhani umesalimika. Nilikupa mtumbwi wa kuchukulia maganda ya mikoko, na unao huo huo mmoja, na vijana uliowafunza mwenyewe wakafundishika wamekaa bure mpaka wanakimbilia kukata mkonge wa wazungu. Woga wa kukua hauzamishi mtu, mwanangu, lakini unawatawanya. Ongeza mtumbwi. Watu unao.

Basi theluthi yangu, ile mitumbwi miwili mikubwa na mashoka yake, ni ya Tabu na wanawe. Shehe, shuhudia. Usinikunjie uso, Sadala. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nimeshakula langu. Nakuachia ulipe lako kwa kuwafundisha wale watoto pondo, wewe mwenyewe, mpaka waweze kukuamuru.

Nipeni maji... Yatosha.

Mkinizika, msiniwekee mbao za dukani. Viunza vya kunifunika mwanandani avikate Sadala, peke yake, kule kule alikobaki Shaabani. Ukate vya kunitosha tu, mwanangu... usizidishe hata kimoja... na maji yakianza, utoke. Utoke, hata kama havijatimia. Nizikwe na pengo.

Johari, Mungu akupe moyo mkubwa. Sadala... njoo karibu, sauti haifiki. Nimekukasirikia, lakini sikukulaani. Mungu akupe... Mungu akupe kitu kikutoshe. Nilazeni.